Namba Nilizomsomea Dada

Mimi ni fundi cherehani. Nilisoma mpaka darasa la saba, halafu nikafundishwa kushona na mama mmoja wa hapa Mbagala, ambaye sasa ni marehemu. Kibarazani kwake nilijifunza jambo moja ambalo baadaye nililitumia vibaya kuliko mambo yote niliyowahi kufanya. Alinifundisha kwamba mteja ana namba mbili, moja ya kumwambia na nyingine ya kukatia. Mwanamke anasimama mbele yako, umemzungushia futi kiunoni, anakuuliza kwa sauti ya chini, "Ngapi?" Unamtajia namba iliyopungua kidogo. Anacheka, anakwambia una mkono mwepesi. Ukishainama juu ya kitambaa na chaki yako, unakata ile ya kweli. Gauni linamkaa, anaondoka ameridhika. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuuita uongo. Niliuona ni sehemu ya kazi, kama kupiga pasi kabla ya kumkabidhi mtu nguo yake.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Gongo la Mboto. Alipougua saratani ya titi walimwondoa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kilipona. Tulimshukuru Mungu kanisani, tukala pilau. Baada ya miezi kadhaa mkono wa kulia ukaanza kuvimba. Saa ilimbana kwanza, kisha pete ikakataa kutoka, mwisho mkono wote ukajaa kuanzia vidole hadi begani, ngozi ikawa ngumu na inang'aa. Muuguzi alitueleza kwamba mwilini kuna majimaji yanayopita kwenye tezi zile, na tezi zikishaondolewa majimaji yanakosa njia, yanabaki mkononi. Alisema uvimbe wa namna hiyo haumalizwi. Unatunzwa tu.

Akashindwa kuandika ubaoni. Akiinua mkono unauma, akiushusha unakuwa mzito. Shule ikampa ruhusa ya kupumzika, naye akahamia kwangu, kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto na mimi nilikuwa na chumba cha pili. Nguo zake zote zikawa hazimwingii upande mmoja. Nikamshonea gauni jipya la kwenda kanisani, kitambaa cha pamba cha rangi ya zambarau, mkono wa kulia nikauachia akiba kubwa ndani ya mshono ili niweze kuulegeza ukihitajika. Alipolivaa alijitazama kwenye kioo, akasema, "Mdogo wangu, umenishonea gauni la watu wawili."

Ndipo kliniki wakampigia. Kulikuwa na kifaa kipya cha kuvaa mkononi, wanatafuta wagonjwa wa kukijaribu. Tulikwenda wote. Kifaa kilikuwa kama mkono wa sweta uliokatwa begani, kitambaa cha kuvutika, na ndani vimeshonewa vidude vidogo kama vifungo vya koti. Mimi nilitazama mshono kwanza. Ulikuwa mzuri, bapa, hauwezi kukwaruza ngozi. Ukikiwasha, vile vidude vinatetema kwa zamu, kuanzia kiganjani kupanda juu, ili viyasukume yale majimaji. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, kwa wiki sita. Kinachajiwa kama simu.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyeficha kitu. Alituambia, "Mie sijui kama kinasaidia. Ndiyo maana tunakijaribu. Msituonee haya. Namba ikishuka andikeni, ikipanda andikeni, ikikaa palepale andikeni." Akamwekea dada alama nne za kalamu mkononi, ya juu kabisa karibu na kwapa, akatupa daftari. Kila siku jioni tupime sehemu zile nne kwa sentimita. "Na ile ya juu ikipanda siku tatu mfululizo," akasema, "msingoje tarehe yenu. Pigeni simu siku hiyohiyo."

Akauliza nani atapima. Dada akanionyesha kwa kidevu. "Huyu. Ni fundi cherehani."

"Kumbe!" Muuguzi akafurahi. "Basi nyie ndio sina wasiwasi nanyi kabisa."

Tulipotoka nje dada alisimama kwenye kivuli cha ukuta, amekumbatia mfuko wenye kifaa. Akasema, "Mkono huu umeshindwa kushika chaki. Basi ufundishe hivi." Alikuwa na maana kwamba kifaa kikifaa au kisipofaa, kwa mkono wake wengine watajua. Alilitaka jambo hilo kuliko hata kupona, nadhani. Mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote anaona aibu kukaa tu.

Jioni ikawa na utaratibu wake. Dada anakaa kwenye kochi, kifaa kinanguruma mkononi, na jirani yetu anakuja na kikombe chake cha chai kutazama. Jirani huyo ni Mzaramo na sisi ni Wanyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni watani tangu mababu. Anaweza kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Kile kifaa alikipa jina la nyuki.

"Mwalimu, nyuki wako wamelala au wapo kazini?"

"Wapo kazini, mtumwa wangu. Sio kama wewe."

"Mtumwa nani? Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka hapa pwani, akafika kwetu miguu imevimba, tukamkanda. Leo mjukuu wake kavimba mkono. Nyie watu mtaacha lini kuvimba?"

Dada alicheka mpaka akashika upande wa kovu. Nusu saa ikiisha, anavua, mimi napima. Mimi nasoma, yeye anaandika. Alikataa niandike mimi, alisema mwandiko wangu ni wa risiti. Aliandika polepole kwa mkono uleule unaouma, namba zimenyooka kama za ubaoni, akapiga mstari kwa rula.

Siku ya kwanza ile sehemu ya juu ilikuwa thelathini na nane. Wiki mbili baadaye ilikuwa thelathini na sita na nusu. Hizo ni namba za kweli, naziapia. Vidole vilianza kukunjika. Siku moja nilimkuta anamenya kitunguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie, na machozi yanamtoka, nikashindwa kujua ni ya kitunguu au ni yapi. Jumapili ile aliimba kwa sauti kanisani. Nilikaa karibu naye nikajiambia kwamba dada yangu amerudi.

Wiki ya tatu, Jumanne, nikasoma thelathini na saba.

Sikuisoma kwa sauti. Niliiona tu kwenye futi. Dada alikuwa ameshaweka kalamu juu ya karatasi, ananitazama usoni kama wanavyotazama wateja. "Ngapi?" Nikavuta futi. Mwili uliojaa maji unabonyea, kila fundi anayeshonea wajawazito analijua hilo. Ukivuta kidogo unapata unachotaka. Nikasema, "Thelathini na sita na nusu. Palepale."

"Palepale si mbaya," akasema, akaandika.

Jumatano nikavuta tena. Alhamisi nikavuta. Siku tatu mfululizo zikapita na simu haikupigwa. Mwanzoni nilivuta, baadaye sikuvuta tena, nilisema tu. Nilimsomea thelathini na sita. Nilimsomea thelathini na tano na nusu, naye akageuka kwa jirani na kusema, "Umesikia, Mzaramo?" Jirani alitazama mkono, akanitazama mimi, akanywa chai yake. Kwa mara ya kwanza hakutania.

Nilijiambia nini siku zile? Nilijiambia kesho utashuka, nami nitakuwa nimeazima tu namba ya kesho. Nilijiambia kwamba moyo ukifurahi mwili unapona. Sikujua kama saratani inaweza kurudi kwa njia hiyo. Hilo ni kweli, sikujua. Lakini nilijua kwamba nimeambiwa nipige simu, na sikupiga. Sitaki mtu yeyote anayesoma hapa anitafutie udhuru.

Na wakati wote huo nilikuwa naikata ile namba ya pili. Kila Jumamosi dada alijaribu gauni la zambarau kwa ajili ya kanisani, akasema, "Linanibana kidogo hapa juu, labda maji uliyofulia." Mimi nikalichukua cherehanini, nikafumua mshono wa mkono wa kulia, nikausogeza ndani ya ile akiba, nikashona upya. Nilifanya hivyo Jumamosi nne. Wala sikufikiri. Mikono yangu ilifanya ilivyozoea, mteja nimemwambia moja na kitambaa nimekiambia nyingine.

Tarehe ya kurudi kliniki ilikuwa Jumatatu. Asubuhi ile nilimfunga vifungo vya gauni, kwa kuwa alitaka kwenda amependeza. Hakunywa chai yake. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Akanitazama, akasema, "Una lolote la kuniambia kabla hatujaondoka?"

Nikamwambia asisahau chaja.

Muuguzi alitupokea kwa furaha. Akafungua daftari, akasifu mwandiko, akapitisha kidole kwenye safu ya namba zinazoshuka. Kisha akampima dada. Akapima tena. Akachukua futi nyingine kutoka droo ya pili, akapima mara ya tatu, na uso wake ukabadilika.

"Arobaini na moja," akasema. "Jana mmeandika thelathini na tano na nusu. Nani alikuwa anapima?"

Nilifungua mdomo. Dada akanitangulia. "Mdogo wangu."

Hakunilaumu, hakunitetea. Muuguzi akaniomba futi yangu, akailaza mezani sambamba na yake. Zililingana mstari kwa mstari. Nilitamani zisilingane.

Akaitwa daktari, akabonyeza kwapani, akauliza uvimbe huu mgumu umeanza lini. Dada akasema hajui, mkono wote ulikuwa mgumu. Wakampeleka kwenye vipimo. Daktari alipotuita tena alieleza taratibu kwamba ugonjwa umerudi, umekaa kwapani na umeziba hata njia ndogo zilizokuwa zimebaki, ndiyo maana mkono ulikuwa unapanda. Kisha akasema, "Kama mngepiga simu mkono ulipoanza kupanda," halafu akachukua kalamu yake. Akaanza kuandika. Sikumuuliza amalizie. Mpaka leo sijui sentensi ile inaishaje. Huenda inaishia kwamba dada angekuwa hai, huenda kwamba hakuna ambacho kingebadilika. Nimeimalizia kwa namna zote mbili mara nyingi mno, na hakuna ninayoiweza.

Tuliporudi nyumbani alikaa kitandani na gauni lake. Nikapiga magoti nimvue viatu. Nikauliza, "Ulijua?"

"Tangu Jumamosi. Kuna uzi ulikuwa unanichoma, nikaligeuza nje ndani." Akavuta mkono wa gauni akanionyesha. Kitambaa cha pamba hakisahau sindano. Pale nilipofumua palibaki mistari ya matundu madogo, mmoja baada ya mwingine, inasogea nje. "Nikahesabu mistari. Mie mwalimu, wewe. Mtoto anayeibia nilikuwaga namjua kabla hajafungua daftari."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nililia. Yeye hakulia. Aliutazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukitunza, akasema, "Wale watu wataweka namba zangu kwenye mambo yao, wamwambie mama mwingine kifaa kinashusha. Au wataufuta mkono wangu kabisa kwenye hesabu yao, uwe kama haukuwepo. Nenda ukafanye masahihisho."

Alivyowaambia wanafunzi wake ndivyo alivyoniambia mimi. Ukikosa, unarudia chini yake, kwa mwandiko mzuri.

Sikwenda. Kwanza kulikuwa na dawa za kumpeleka, na kutapika, na kushindwa kulala. Kila wiki nikasema wiki ijayo. Mara mbili aliniuliza, "Masahihisho?" nikajibu bado. Mara ya tatu hakuniuliza. Alifariki mchana, saa nane, jirani akiwa anamkanda miguu, mimi nimetoka kuchukua maji bombani. Nilisikia kelele nikiwa bado nimeshika ndoo.

Tulimvika sare ya kinamama wa kanisani. Mkono wa sare haukuingia, nikaupasua kwa mkasi nyuma, mahali ambapo watu hawataona.

Jeneza lilipokuwa linatolewa, jirani akakaa katikati ya mlango. Ni desturi ya watani, msibani wanaruhusiwa kuzuia njia na kumuigiza marehemu. Alikuwa amejifunga mkono wa kulia kwa khanga, ameujaza matambara mpaka ukawa kama mto wa kulalia, na ndani ameweka simu inayotetema. "Mnyamwezi huyu hatoki!" akapiga kelele. "Kaniachia nyuki wake, nitawalisha nini? Hatoki mpaka fundi anipime!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Alikuwa na futi yangu, ameitoa kwenye cherehani. Akanitupia. "Nipime, fundi! Nipime kama ulivyokuwa unampima Mwalimu, na mie nataka kupungua!"

Watu walicheka sana. Walicheka wasiojua kitu. Nikainama mlangoni pale, nikauzungushia futi mkono wake wa matambara.

"Ngapi? Sema wasikie!"

Nikasema, "Arobaini na moja."

Sikupima chochote, namba ilitoka yenyewe. Wengine wakaendelea kucheka, wakidhani ndiyo utani. Jirani peke yake aliacha. Aliniangalia machoni, akafungua khanga taratibu, matambara yakadondoka, akasogea pembeni. Jeneza likapita.

Baada ya matanga nililiweka gauni la zambarau mezani, nje ndani. Mistari ya matundu ilikuwepo yote. Nilipima mzunguko wa mkono wa gauni kwenye kila mstari, nikatoa nafasi ya kupumulia ambayo mimi huiacha siku zote, nikapata namba nne za Jumamosi nne. Niliandika kwenye karatasi yenye mistari, polepole, kwa mwandiko mzuri kadiri nilivyoweza, nikapiga mstari kwa rula yake. Juu nikaandika Masahihisho.

Nikapeleka kliniki pamoja na kifaa, nimekifua na kukikunja. Muuguzi yuleyule alinipa pole, akanishika mkono. Nikamweleza kila kitu bila kuruka. Nikatandaza gauni mbele yake, nikamwonyesha matundu.

Aliinama juu yake. Akagusa kitambaa. "Mama," akasema, "nakuamini. Lakini hizi hazikupimwa siku hiyo. Hatuwezi kuzitumia. Na zile za daftari tulishaziondoa siku ileile."

"Zote?"

"Zote."

"Hata wiki mbili za kwanza? Zile ni za kweli."

"Tutazijuaje, mama?"

Nikauliza, "Kwa hiyo mkono wa dada yangu haumo."

"Tunamshukuru sana kwa kujitolea."

"Lakini haumo."

"Haumo," akasema, na macho yake yakalowa, maana alikuwa mtu mwema.

Akanirudishia daftari. Kwenye kurasa zetu alikuwa amepitisha mstari mmoja wa kalamu nyekundu, kutoka kona hadi kona, juu ya mwandiko wote wa dada. Nilikunja gauni, nikaweka karatasi yangu ndani ya daftari, nikaondoka.

Jirani alikuwa bombani nilipofika. Alikuwa anajua nilikokwenda. "Fundi, wamekubali?"

"Hawakukubali."

Nilingoja aseme kitu. Ana neno kwa kila jambo, hata kwa maiti alikuwa nalo. Alifunga bomba, akabeba ndoo yake, akaingia kwake.